Siku Tulipozika Kinu cha Mama

Ilikuwa Alhamisi, mwanzoni mwa masika, mwaka wa tatu tangu vita kubwa ya pili kwisha. Asubuhi nilimpoteza mama yangu. Jua lilipokuchwa nilikuwa nimepoteza na matanga yake.

La kwanza lilitoka kwa Mungu, na sina neno. Mama alikuwa mtu mzima, alikohoa muda mrefu, na alifia kitandani mwake pale Mbwawa, mkono mmoja umeshika kifuko chake cha ugoro kana kwamba huko aendako wangemwibia. La pili lilitoka kwa serikali, na hilo ndilo nataka kulieleza, kwa sababu siku hizi watu wanalisimulia vibaya.

Mwaka ule alikuwa ameletwa Bwana Shauri mpya bomani Kisarawe. Alikuwa kijana mrefu, mwekundu wa shingo, na aliipenda mihogo kuliko sisi tunaoila. Kila nyumba ilikuwa na amri ya kulima mihogo ili njaa isije tena, na amri hiyo tulishaizoea. Lakini bwana huyu alikuwa akipita mashambani anaona magugu, na kila akiuliza wenyewe wako wapi anaambiwa wako msibani. Aliuliza huku na huko, jibu likawa lile lile. Akaona basi kwamba adui wa mihogo si nguruwe mwitu, ni matanga. Jumbe wetu akaitwa bomani, akarudi na amri: kuanzia sasa matanga ni siku moja tu, siku ya kuzika. Jua likichwa mikeka ikunjwe, kila mtu kwake, na kesho yake shambani. Atakayekutwa amekaa mkekani siku ya pili, faini au kifungo.

Jumbe alitutangazia hayo huku anatazama vidole vyake vya miguu.

"Na mtu akifa jioni?" akauliza mmoja.

"Mtawahi," akasema jumbe.

Hakuna aliyebisha. Siku zile mtu hakubishana na amri. Uliitikia "ndiyo, bwana," ukaenda nyumbani kubishana na mkeo. Tena pale kijijini hakukuwa na mgonjwa wa kutisha isipokuwa mama yangu, kwa hiyo wengi waliiona amri ile ni jambo la mbali. Mimi na dada yangu hatukuiona hivyo.

Kwetu Uzaramoni msiba hauendi bila watani. Watani wetu ni Wanyamwezi, tangu zama za babu zetu, walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Ataingia kaburini kabla ya maiti, ajinyooshe, aseme mahali hapa pana ubaridi mzuri, hatoki mpaka apewe kuku. Atavaa nguo za marehemu na kutembea kama marehemu. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako, na aibu hiyo itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kisha siku ya mwisho, siku ya kuondoa tanga, mtani ndiye anayezima moto wa msibani na kufagia majivu. Asipofagia yeye, msiba haujaisha. Mwenye nyumba hanyoi, jembe halishikwi, na watu hawaachi kuja kukaa.

Mtani mkubwa wa mama alikuwa mzee mmoja wa Kinyamwezi, mkata mkonge katika shamba moja la Mzungu upande wa reli. Alikuwa mfupi, meno ya mbele yametangulia, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Wazee wote wa rika lake niliwaamkia shikamoo, yeye sikumwamkia hata siku moja. Ningemwamkia angeniuliza kama nina homa. Alipofiwa na mkewe, mama alitoka Mbwawa kwa miguu mpaka kambini kwao, akalala mlangoni pake, akasema watu wote wakisikia: "Mbeba mizigo wewe! Umebeba mizigo ya watu miaka yote, mkeo akakushinda kumbeba?" Yule mzee alicheka na machozi yanamtoka, akasema, "Ngoja na wewe ufe. Nitakuzika mpaka ujute." Mama akamjibu, "Ukichelewa utakuta nimeshazikwa na watu wenye adabu."

Kwa hiyo pale mama alipokata roho, dada yangu alilia vilio viwili. Alilia cha mama, kisha akanyamaza, akakaa, akaanza upya.

"Mama amekwenda misiba yote ya kambi ile," akasema. "Leo wa kwake uwe wa siku moja, kama wa paka?"

Nilimwambia amri ni amri. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne na niliogopa boma kuliko mtu ambaye hakusoma kabisa.

Watani walipata habari wakaja mchana, kaburi likiwa bado linachimbwa. Tulimsikia yule mzee kabla hatujamwona. Akaja moja kwa moja, akawasukuma wachimbaji, akaingia shimoni, akalala.

"Fupi!" akapiga kelele kutoka chini. "Mtamkunja mke wangu kama mkeka?"

"Toka, mtani, jua linakwenda," akasema mjomba mmoja.

"Mimi nimefika. Nileteeni shuka."

Akapewa jogoo, akatoka. Kisha akachukua kanga ya mama, akajifunga, akatembea uani kwa ule mwendo wake wa kuinamia upande mmoja, anawatukana kuku mmoja mmoja, anachota ugoro wa uongo na kupiga chafya ya kweli. Dada yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Mwalimu wa chuo, aliyekuja kumswalia marehemu, aligeukia ukuta, lakini mabega yake tuliyaona.

Wakati wote huo tarishi wa boma alikuwa amesimama na baiskeli yake kando ya mhogo. Alikuwa Mzaramo kama sisi, mtu wa kijiji cha Masaki, tarbushi nyekundu na vifungo vya shaba, na alikuwa ametumwa aone amri inafuatwa. Jua lilipogusa miti akapiga kengele ya baiskeli.

"Jamani, poleni sana. Kunjeni mikeka."

Mikeka ikakunjwa. Sijasikia sauti mbaya kuliko ile ya mikeka ikikunjwa kabla ya wakati wake. Moto wa msibani ukaachwa unawaka peke yake uani.

Yule mtani alikuwa amekaa juu ya kinu cha mama, amemshika jogoo wake. Akamwita jumbe.

"Jumbe. Amri inasema siku moja kwa msiba?"

"Siku moja. Siku ya kuzika."

"Siku ya kuzika mtu wanakaa."

"Wanakaa."

"Akizikwa mwingine kesho, kesho wanakaa."

"Kila mazishi na siku yake," akasema jumbe, amechoka. "Nenda kwako, mtani."

Mtani akainuka. Akaondoka bila kumtukana mtu, na hilo lilinitia wasiwasi.

Asubuhi yake nilikuwa natafuta jembe langu, nimeshajilazimisha kwenda shamba, niliposikia vilio njiani. Vilikuwa vilio vya watu wazima, vya kweli kabisa. Watani walikuwa wanakuja kutoka upande wa reli, yule mzee mbele, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kimekufa!" akalia. "Kimekufa, ndugu zangu! Kimemfuata!"

"Nini kimekufa?" nikauliza.

"Kinu!"

Wakaingia uani, wakakiinamia kinu cha mama, wakaweka sikio, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema bado kina joto. Dada yangu akatoka jikoni mbio.

"Kinu changu hicho! Nitatwangia nini?"

"Marehemu hakuacha wosia," akasema mtani. "Nyamaza, mfiwa."

Kinu kikaoshwa. Kikavikwa gunia jipya la mkonge, kikafungwa vizuri kichwani na miguuni, kikawekwa kwenye kitanda cha kamba, kikabebwa. Majirani waliokuwa wanakwenda mashambani waliona watu wanapita na jeneza, na kwetu mtu hapiti jeneza akaendelea na safari. Wakaweka majembe chini, wakashika kitanda, wakauliza kwa sauti ndogo, "Nani?" Walipojibiwa walikuwa tayari wamekwisha kubeba. Tukakizika kinu karibu na mama, kisha tukarudi nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mazishi, mikeka ikatandikwa.

Niseme ukweli: mimi sikujua kama nicheke au nikimbie. Nilikaa. Nilipokaa, mtu wa kushoto akanipa pole, na wa kulia akaanza kusimulia jinsi mama alivyomfukuza mbuzi wake na mwiko, na moyo wangu ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza.

Tarishi alikuja saa za alasiri.

"Nini hii?"

"Mazishi," akajibu jumbe. Jumbe naye alikuwa amekaa. Mkewe alishamtandikia jamvi.

"Mmemzika nani?"

Jumbe akatazama vidole vyake vya miguu. "Kinu."

Tarishi alivuta pumzi ajifanye mkali, na hapo ndipo lilipo kosa la boma. Mzungu alikuwa amemtuma Mzaramo awatawanye Wanyamwezi msibani. Yule mzee alimkaribia taratibu, akamvua tarbushi, akaivaa.

"Mtumwa wangu," akamwambia, "umekuja kunizika na wewe? Kaa chini, utapewa kisamvu."

"Nirudishie kofia ya serikali."

"Kasirika."

"Sijakasirika."

"Kasirika kidogo tu, tuone."

Watu wote walikuwa wanamtazama usoni. Katikati ya wanawake alikaa shangazi yake mwenyewe, amenyoosha kidole. Mzaramo aliyekasirikia mtani msibani! Asingepata mke wa pili maisha yake yote. Tarishi akatabasamu kwa shida, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe.

"Sijakasirika hata kidogo," akasema, akakaa, akapewa kisamvu.

Siku iliyofuata kilikufa chungu kikubwa. Siku ya pili yake ulikufa mwiko, ambao ulilaumiwa sana kwa ajili ya yule mbuzi, na mwenye mbuzi akapewa nafasi ya kuusamehe mbele ya watu. Siku nyingine baiskeli ya tarishi ilitobolewa na mwiba njiani, na watani walipoisikia inalia pssss, walikaa chini pale pale wakaanza kuiombolezea. Wachimbaji walishapiga majembe yao ya kwanza tarishi alipojilaza juu ya baiskeli akalia, "Nina watoto!" Wakamwachia. Lakini tarbushi hawakuitoa.

Akaenda Kisarawe na kichwa wazi kutoa taarifa. Aliniambia mwenyewe baadaye jinsi ilivyokuwa. Bwana Shauri alimuuliza kosa la watu wa Mbwawa ni nini. Akasema wamezika kinu. Bwana Shauri alimuuliza karani wake kama kinu ni jina la mtu. Karani akasema hapana, ni kinu. Bwana Shauri akamuuliza tarishi kofia yake iko wapi. Akasema iko kwa mtani. "Mbona hukumkamata?" Tarishi akaeleza habari za utani kwa urefu, tangu misafara ya mizigo, na Bwana Shauri akamsikiliza, kisha akamwambia akapumzike siku mbili.

Kumbe habari ilikuwa imetembea. Kule Masaki walifiwa na bibi mmoja, na kesho yake wakazika ungo wake. Mahali pengine walizika kiti. Kote alikopita, Bwana Shauri akawa anaona magugu yale yale, na akiuliza wenyewe wako wapi anaambiwa wako mazishini. Hatukukubaliana na mtu. Hakuna aliyetoka kijiji kimoja kwenda kingine kusema tufanye hivi. Ilikuwa ni kama chafya.

Ndipo wakaja askari wawili, watu wa kutoka mbali, si Wazaramo wala Wanyamwezi. Mtani alijitahidi njia nzima kuwatafutia utani, akawauliza babu zao walipita wapi, lakini hawakuwa na utani naye hata tone. Wakamkamata kwa kuidharau serikali, wakampeleka Kisarawe, wakamfungia.

Siku ile hatukucheka. Moto wa mama ulikuwa bado unawaka uani, majivu yamekuwa kichuguu, na mwenye kuyafagia yuko chini ya kufuli. Dada yangu aliutazama ule moto, kisha akaanza kukunja mkeka mmoja. Nilidhani amekata tamaa. Akauweka kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kisarawe. Kama mtani hawezi kuja msibani, msiba utakwenda kwa mtani."

Akachukua kaa la moto kwenye kigae, akalifunika majivu, akatoka. Mimi nikachukua mkeka wa pili. Nilipogeuka njiani niliona jumbe anakuja nyuma, na jamvi lake. Nikamwambia, "Jumbe, wewe ni mtu wa serikali." Akasema, "Mama mkwe wangu anakohoa." Kisha tukaanza kupanda vilima.

Kila kijiji tulichopita watu waliona mikeka vichwani na kuuliza msiba uko wapi, tukawaambia uko bomani. Nadhani baadhi yao walielewa kwamba amekufa Bwana Shauri, maana walikuja upesi sana. Wa Masaki walikutana nasi karibu na juu, wamebeba sufuria. Tulipoingia uwanja wa boma tulitandika mikeka chini ya mlingoti wa bendera, wanaume upande huu na wanawake ule, dada akapuliza kaa lake, moto ukawaka, wanawake wakaanza kumenya mihogo. Sisi ni watu wa kawaida. Hatukuimba kitu, hatukudai kitu. Tulikaa.

Kutoka kwenye chumba cha mahabusu ikasikika sauti tunayoijua.

"Nani hao?"

"Wafiwa!" akajibu dada.

"Mmechelewa! Mlango wa humu ndani umekufa tangu jana na hakuna wa kuuzika!"

Askari wa mlangoni aligeuza uso.

Bwana Shauri akatoka barazani na karani wake. Bibi mmoja wa Masaki, mzee sana, ambaye nadhani macho yake hayakuwa mazuri, akainuka, akapanda ngazi, akampa mkono.

"Pole, baba," akamwambia. "Ni kazi ya Mungu."

Bwana Shauri alikuwa mtu wa adabu. Aliupokea ule mkono. Na huo ndio ukawa mwisho wa kazi zake za siku ile, kwa sababu kwetu ukishaupokea mkono mmoja wa pole umekuwa mfiwa, na watu wote wakasimama wakapanga mstari. Walimpa mikono wote, wanaume kwanza, kisha wanawake kwa ncha za kanga. Alishikana mikono mpaka shingo yake ikazidi kuwa nyekundu, na kila mmoja alimwambia pole, na kuanzia katikati ya mstari nilimsikia anaitikia, "Tumeshapoa."

Mwishowe akauliza mfiwa hasa ni nani. Wakanisukuma mbele. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, cha kitabuni.

"Ni nani aliyefariki?"

"Mama yangu, bwana."

"Nakupa pole. Mnadai nini?"

"Hatudai kitu, bwana."

"Basi, kwa nini mko hapa?"

Hapo ningejua kusema maneno makubwa ningeyasema. Lakini nilichokuwa nacho kilikuwa kile tu kilichotokea, nikakitoa.

"Mtani wetu yumo humo ndani, bwana. Yeye ndiye anayefagia majivu. Asipofagia msiba hauishi, na msiba usipokwisha hatwendi shamba."

"Matanga yenu ya zamani yalikuwa ya siku ngapi?"

"Tatu, bwana."

"Na mama yako alifariki lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake; karani alimwona. Kisha akakaa kwenye ngazi, mfiwa kama sisi, akatazama wanawake wakimenya mihogo. Nadhani alikuwa anawaza kuhusu mihogo.

"Kwa hiyo mngekuwa mmeshamaliza," akasema polepole.

"Zamani, bwana. Ningekuwa nimeshapalilia."

Akaingia ndani. Tukalala pale uwanjani. Asubuhi karani akatoka akasema mtani amehukumiwa: kwa kuidharau serikali atafagia uwanja wote wa boma, kisha aende zake. Sijui kama Bwana Shauri alifahamu alichokuwa anahukumu, au ilikuwa ndiyo adhabu iliyokuwa karibu. Karani alikula kiapo kwamba hakumshauri. Mtani akatolewa, ndevu zimeota, tarbushi ya tarishi bado kichwani, maana hakuna askari aliyethubutu kuandika imetoka wapi. Akapewa ufagio wa boma. Akafagia kuanzia kwenye ngazi. Alipoufikia moto wetu akasimama, akanitazama mimi na dada.

"Huu nao?"

"Si hapa," akasema dada. "Nyumbani."

Akauzunguka. Ulibaki ule moto peke yake katikati ya uwanja safi.

Amri ilibadilika kabla masika haijaisha. Jumbe alitutangazia, na safari hii alitutazama usoni. Alisema serikali, kwa huruma yake, imechunguza yenyewe mila za wenyeji na kuona vema matanga yawe siku tatu, na kwamba vyombo vya nyumbani visizikwe. Hakutaja Mbwawa wala kinu. Tukaitikia, "Ndiyo, bwana," kama tulivyoitikia ya kwanza. Amri ya mihogo ilibaki pale pale. Na sisemi kwamba kila amri iliyofuata iliondoka kwa njia ile. Walipokuja na amri za kuwinda nguruwe na kuchimba mitaro na mengine, tulikaa pia, na mara nyingi hatukupata kitu zaidi ya kuumwa viuno.

Miaka ya baadaye, siasa ilipoingia, alikuja kijana mmoja kutoka mjini akasimama sokoni akasema watu wa Mbwawa ni mashujaa, walisimama kumpinga mkoloni. Nilitaka kumwambia hatukusimama, tulikaa. Lakini alikuwa anapigiwa makofi na sikupenda kumkata. Wala hakusema kwamba mtani alifukuzwa kazi kwenye mkonge kwa siku alizokosa, akatolewa kambini na sanduku lake, akaja kujenga kibanda mpakani mwa shamba letu, ambako alitutukana kwa ujirani mwema mpaka siku alipokufa. Hilo halikupigiwa makofi, kwa hiyo naliandika.

Tulipotoka Kisarawe siku ile tulifika nyumbani mchana. Watu walikuwa wengi. Mtani hakupumzika. Aliuzima moto wa mama kwa maji, moshi mweupe ukamfunika, akakohoa kikohozi cha mama kiasi kwamba nilishtuka. Kisha akafagia majivu, akayazoa, akayatupa njia panda, akarudi amejipangusa mikono.

"Basi. Amekwenda. Chakula kiko wapi?"

"Hakuna," akasema dada. "Sina pa kutwangia."

Mtani akakuna kichwa chini ya tarbushi. Tulichukua majembe, mimi na yeye, tukaenda makaburini. Kaburi la mama tulilipita kwa adabu, tukafukua lile la pembeni. Gunia lilikuwa limeanza kuoza, na mchwa walikuwa wameanza kula kinu ubavuni. Kilikuwa na ufa niliweza kuingiza ukucha. Tukakibeba wawili mpaka nyumbani, yeye akilalamika njia nzima kwamba hajawahi kuona maiti mzito na mvivu kama wa Kizaramo.

Dada yangu alikiosha. Akakigeuza, akautazama ule ufa, akamtazama mtani. Akatia makopa ya mihogo, akainua mchi, akatwanga. Unga ulitoka kidogo ubavuni. Akasogeza ungo chini yake kwa mguu, akaendelea kutwanga.